Spika ya nyumbani kwa bei ndogo: hela yako ianzie kwenye boksi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Iyunga, hapa Mbeya, aliniletea spika mbili za inchi 5, zimeviringishwa kwenye gazeti. Alizinunua soko la Sido zikiwa mpya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeliwa hela.

"Shikamoo fundi. Hizi nimepigwa. Hazina besi kabisa, zinalia kama simu."

"Marahaba. Umezifunga kwenye nini?"

"Bado sijazifunga. Nimezilaza mezani, nikaunga waya."

Nilichukua katoni kubwa ya sabuni, nikatoboa duara katikati ya ubavu wake, nikaibana spika moja pale kwa mikono miwili. Nikamwambia aweke wimbo uleule, sauti asiiguse. Gitaa la besi likaingia. Nikaitoa spika kwenye katoni, besi ikapotea. Nikairudisha, ikarudi. Alinyamaza, kisha akaomba aishike mwenyewe.

Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, papo hapo. Sauti ya mbele na ya nyuma ni pacha zinazokwenda kinyume, na zikikutana zinauana. Kwa sauti nyembamba hili si tatizo kubwa: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 3000, yaani linalotikisika mara 3000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 11 tu. Wimbi la hezi 60 lina karibu mita 6. Wimbi refu namna hiyo halioni kizuizi chochote kwenye kispika cha inchi 5. Linazunguka ukingo na kumezana na pacha wake kabla halijakufikia sikioni. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuwatenganisha hao wawili.

Nimekaa na kazi hii hapa Mwanjelwa muda wa kutosha kujua hela ya mtu anayeanza inapopotelea. Anauliza wati. Anapima uzito wa sumaku mkononi. Hela ikiisha ndipo anakumbuka boksi, na boksi linatengenezwa kwa mabaki ya dari. Mimi naomba ugeuze mpangilio huo. Spika ya kawaida kabisa kwenye boksi gumu lisilovuja itaishinda spika ya gharama iliyofungwa kwenye boksi linalotetemeka, na utaisikia tofauti hiyo siku ya kwanza.

Nimalize habari ya wati haraka. Spika nyingi za inchi 5 hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 85 hadi 88 kwa wati 1, ukisimama mita 1 mbele yake. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 100 ni hatua ndogo, hata kama maandishi ya kwenye katoni yanapiga kelele. Kwenye sebule ya kawaida, mazungumzo yakiendelea, unatumia wati chache mno. Bodi ndogo ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116, ikilishwa na betri ya sola ya volti 12, inaipa kila spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) wati kama 8 safi. Zinatosha, na umeme ukikatika muziki hausimami.

Sasa tuje kwenye lita. Boksi la spika halikadiriwi kwa jicho. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo inaweza kufanya kazi ya springi, ikaishika karatasi ya spika vizuri kuliko springi yake yenyewe. Baadaye Neville Thiele wa Australia, kwa andiko lake la 1961, na Richard Small miaka ya mwanzo ya 1970, wakatuwekea hesabu zinazotumika hadi leo. Anayeanza anahitaji namba tatu. Fs ni hezi ambazo spika ikiwa wazi hupenda kutikisika yenyewe. Qts inaonyesha spika inavyoweza kujizuia isiendelee kuyumba muziki ukishasimama. Vas ni lita za hewa zenye ugumu sawa na ugumu wa springi ya spika hiyo.

Spika za kwenye meza za sokoni haziji na namba hizi. Zipime mwenyewe, si kazi ya kutisha. Unahitaji programu ya simu inayotoa toni za hezi mbalimbali, amplifaya, risista ya omu 1000, na mita inayosoma volti za AC kuanzia 2 kushuka chini. Zile za bei ya chini kabisa ambazo AC yake inaanzia 200 hazitasaidia. Unga risista mfululizo na spika, kisha usome volti kwenye miguu ya spika. Kabla ya hapo weka risista ya omu 10 mahali pa spika ili upate kipimo: kama inasoma milivolti 40, basi kila milivolti 4 ni omu 1 hivi.

Spika ya kijana yule tuliishika hewani, isiguse meza, tukapandisha toni polepole kutoka hezi 20. Namba za mita zilipanda, zikafika kilele kwenye hezi 60, zikaanza kushuka. Hiyo 60 ndiyo Fs. Pale kileleni spika ilikuwa na omu 40, wakati mita ya kawaida ilisoma 6.4 ikiwa imetulia. (Usishtuke spika ya omu 8 ikisoma 6 na kitu. Ndivyo zilivyo.) Gawa 40 kwa 6.4 upate 6.25; kipeuo chake cha pili ni 2.5. Zidisha 2.5 kwa 6.4 upate omu 16, halafu tafuta hezi mbili, moja kila upande wa kilele, ambapo spika inasoma omu 16. Kwetu zilikuwa 39 na 92, tofauti yake 53. Qts ni Fs ugawe kwa tofauti hiyo, kisha ugawe tena kwa 2.5. Tukapata 0.45.

Vas tuliipata kwa ndoo ya lita 10. Nilitoboa kifuniko, nikaifunga spika, nikatafuta kilele upya. Kikatokea kwenye hezi 81, nami sikukiamini, maana nilipoweka kidole juu ya kifuniko nilikihisi kinapumua pamoja na spika. Nikakata kipande cha plaiwudi badala yake, nikakibana na sponji pembeni. Kilele kikahamia 89. Gawa 89 kwa 60, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, zidisha kwa lita za ndoo: lita 12. Kwa kile kifuniko laini ningepata 8 tu, na boksi zima lingekosewa. Hapo tayari umeona kwa macho kwa nini kuta za boksi lazima ziwe ngumu.

Spika ikishafungwa ndani ya boksi, Qts yake hupanda. Kwa boksi lililozibwa lengo langu ni ifike 0.7, pale ambapo besi haivimbi wala haikauki. Gawa 0.7 kwa Qts, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, halafu gawa Vas kwa ulichopata. Kwa 0.45 na lita 12, jibu ni lita 8.4 hivi, na boksi litaanza kushusha besi karibu na hezi 93. Hilo nilimweleza wazi: kuta za nyumba hazitatikisika. Atapata sauti ya mtu iliyo sahihi, gitaa safi, ngoma yenye umbo. Sabufa inaweza kuongezwa baadaye.

Wengi watakuuliza mbona hujaweka tundu la hewa kwenye boksi. Boksi lenye tundu hushuka chini zaidi, lakini bomba lake lazima lilingane na lita na spika. Likikosewa, noti moja ya besi inaunguruma na nyingine zinakufa. Boksi lililozibwa linasamehe kosa la nusu lita. La kwanza liwe la kuzibwa.

Kwa mbao, sisi wa nyanda hizi tuna bahati. Misitu ya paini ya Sao Hill iko Mufindi, na Mafinga viwanda vya plaiwudi viko vingi. Tumia plaiwudi ya milimita 18. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, pia ni nzuri kwa sauti, lakini mikono yako isiache kingo zake bila rangi. Ubao wa chengachenga usinunue hata kama ni wa bure. Mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda hadi Mei, na ubao ule ukinusa unyevu kitako kinavimba kama mkate kwenye chai.

Vipimo vya boksi moja kwa ndani ni upana sentimita 16, kimo 24, kina 22. Kwa hiyo kata vipande viwili vya 19.6 kwa 27.6 kwa mbele na nyuma, viwili vya 22 kwa 27.6 kwa ubavuni, na viwili vya 16 kwa 22 kwa juu na chini. Boksi mbili zinakula kama mita mraba 0.6, na shiti zima lina karibu 3, kwa hiyo omba vipande vilivyobaki kwa fundi seremala au mchange wenzako watatu. Vipande vikatwe kwenye mashine ya msumeno wa meza. Msumeno wa mkono unapinda, na kila pembe isiyo mraba ni mahali pa kuvuja. Tundu la spika likate kabla hujaunganisha chochote, na upime spika uliyoishika, maana za inchi 5 hazilingani.

Kuhusu gundi nina jambo ninalolichukulia kwa uzito. Boksi zangu za kwanza nilizigundisha Uyole, mwezi Julai, jioni, kwa gundi nyeupe ya mbao. Asubuhi mistari ya gundi ilikuwa imekauka myeupe kama chokaa, na nilipogonga ubavu mmoja kwa ngumi uliachia wote. Gundi ile ikipata baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi haishikani, inabaki unga. Juni na Julai usiku wetu unafika huko kirahisi. Gundisha saa nne asubuhi ndani ya chumba chenye jua, mbao zenyewe ziwe zimepata joto, bana kwa kamba na kabari, acha hadi kesho yake. Kisha pita kila kona kwa ndani na gundi ya pili kwa kidole.

Tundu la waya kule nyuma ndilo linalosahaulika. Lizibe. Spika yenyewe ikae juu ya sponji nyembamba ile ya kuziba milango. Ukishafunga, weka toni ya hezi 40 kwa sauti ya wastani, lowesha mgongo wa mkono na uupitishe polepole kwenye kila kiungo. Penye uvujaji utasikia "fss" na kuhisi ubaridi mwembamba.

Ndani jaza nusu au zaidi kwa sufi au nyuzi za mto wa zamani, bila kushindilia. Pamba usitumie, inanyonya unyevu na kujikusanya chini.

Spika mbili ziende pamoja. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye miguu yake: karatasi ikitoka nje, upande uliogusa chanya ndio chanya. Moja ikiungwa kinyume, unarudi kulekule kwa pacha wanaouana, sebule nzima inakosa besi na utalaumu boksi bure.

Ukiongeza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, haifungwi bila kapasita ya kuizuia besi, maana besi itaichoma. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 4.7 inaanza kazi karibu na hezi 4200. Twita hiyo ikiwa ya omu 4, kapasita ileile inaanzia karibu 8500, na katikati linabaki shimo. Kapasita iwe isiyo na chanya na hasi. Ukiikosa, unga mbili za maikrofaradi 10, hasi kwa hasi, upate 5.

Kijana alirudi baada ya wiki mbili, boksi amezipaka rangi nyeusi. Tukapima: kilele cha boksi moja hezi 94, la pili 96. Sikumwekea muziki kwanza. Nilimwekea taarifa ya habari ya redio, kwa kuwa sikio linaijua sauti ya mtu kuliko chombo chochote, na boksi bovu linamfanya msomaji aonekane amejifungia kabatini. Msomaji alisikika kama amekaa pale kwenye benchi. Ndipo tukaweka kwaya.

Jioni akanipigia kutoka nyumbani. Sauti imekuwa nzito, inaunguruma. Nikamuuliza boksi ziko wapi. Moja iko kwenye kona ya ukuta, nyingine imegusa kabati. Kona na ukuta huongeza besi, na sebule yenye sakafu ya saruji isiyo na mapazia inaongeza mwangwi. Nikamwambia azitoe konani, azisogeze mbele shubiri mbili, kisha atandike blanketi ukuta wa mkabala. Simu haikukatwa, nilimsikia anavuta meza, halafu nikasikia gitaa.

"Hapohapo," nikamwambia. "Weka alama kwa chaki."