Mita 30 za Nikeli: Tusome Pamoja Tangazo la Kampuni Ndogo ya Utafutaji

"Shimo la kwanza limepita kwenye mita 30 zenye nikeli asilimia 0.5, zikiwemo mita 3 zenye asilimia 3.2." Tangazo la namna hii likitoka asubuhi, hisa za kampuni ndogo zinaweza kupaa kabla ya jua kutua. Sisi wanajiolojia hulisoma tukiwa na kikokotoo mkononi.

Anayetangaza hana mgodi. Ana leseni ya utafutaji, wataalamu wachache, mashine ya kuchoronga aliyoikodi, na fedha alizopata kwa kuuza hisa. Zikiisha, anatoa hisa nyingine, na sehemu ya mwenye hisa wa zamani inapungua. Si utapeli huo. Kazi hii ndivyo inavyogharamiwa, na imezaa migodi ya kweli. Mwaka 1993, huko Labrador nchini Kanada, watafutaji wawili waliokuwa wakisaka almasi waliona kilima chenye rangi ya kutu. Kumbe chini yake kulikuwa na nikeli, shaba na kobalti. Kampuni ndogo iliyomiliki eneo hilo, Diamond Fields, ilinunuliwa na kampuni kubwa ya nikeli, Inco, mwaka 1996 kwa takriban dola bilioni 4.3 za Kanada. Uzalishaji katika mgodi huo, Voisey's Bay, ulianza 2005. Hesabu miaka hiyo: ni 12, na huo ulikuwa ugunduzi uliofanikiwa kuliko mwingi.

Kutu ile ilitoka wapi? Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayopanda kutoka chini ya ganda la dunia hubeba metali kidogo kidogo. Ikipata salfa ya kutosha, mara nyingi kwa kuyeyusha miamba inayopitia, salfaidi (metali zilizoungana na salfa) hujitenga humo kama matone ya mafuta kwenye mchuzi, ila matone haya ni mazito na huzama badala ya kuelea. Nikeli, shaba, platinamu na paladi (metali adimu, ndugu ya platinamu) zote huyakimbilia. Ndiyo sababu kampuni moja hutaja metali zote hizo kwa pumzi moja, na ndiyo sababu Norilsk ya Urusi hutoa nikeli, shaba na paladi kutoka kwenye mbale, yaani mwamba wenye metali ya kuchimbwa, ileile. Salfaidi zikifika juu na kukutana na mvua na hewa, chuma kilichomo hushika kutu.

Salfaidi pia hupitisha umeme, kwa hiyo kampuni hurusha helikopta yenye koili na kuchora ramani ya mahali ardhi inapoitikia. Tatizo ni kwamba kinywe (grafaiti, ile kaboni nyeusi ya penseli) nacho hupitisha umeme, tena vizuri mno. Niliwahi kukesha kambini nikisubiri nikeli. Asubuhi kasha la vipande vya mwamba kutoka shimoni likafunguliwa, na mikono yetu sote ikawa myeusi kama ya mchoma mkaa: kumbe kinywe.

Siku ikiwa njema, kipande cha mwamba kinachotoka shimoni huwa kizito kuliko unavyotarajia, kina mng'ao wa shaba iliyochakaa, na sumaku hunasa. Hapo watu hushangilia. Lakini kinachonasa sumaku ni pairotaiti, ambayo ni chuma na salfa tu. Nikeli hujificha kwenye pentlandaiti iliyochanganyika nayo, na platinamu haionekani kwa macho kabisa. Tangazo linalosema "tumeona salfaidi nyingi" bila majibu ya maabara bado halijasema kitu.

Sasa turudi kwenye zile mita 30. Zidisha 30 kwa 0.5, unapata 15. Zile mita 3 zenye 3.2 peke yake ni 9.6. Zinabaki 5.4 za kugawanywa kwa mita 27: asilimia 0.2. Na asilimia 0.2 ndiyo nikeli unayoikuta kwa kawaida kwenye miamba yenye olivini (madini ya kijani) nyingi hata isipokuwa na salfaidi yoyote. Nikeli hiyo imefungwa ndani ya olivini, na mitambo ya kawaida, inayoelesha salfaidi kwenye povu ili kuzitenga, haiitoi. Kwa maneno mengine, kilichopatikana ni mita 3. Nazo si lazima ziwe 3 kweli: shimo likipita mwamba kwa mshazari, urefu ndani ya shimo huwa mkubwa kuliko unene wa mbale.

Kwenye platinamu vipimo hubadilika. Asilimia moja ya nikeli ni kilo 10 kwa tani, lakini gramu 3 za platinamu na paladi kwa tani ya mwamba zinaweza kutosha kuendesha mgodi. Kampuni zinapenda kujumlisha metali zote ziwe namba moja ya "shaba linganifu". Binafsi namba hiyo huiruka hadi nione imetumia bei gani, na kiasi gani cha kila metali kitaokolewa mtamboni.

Tofautisha pia rasilimali na akiba. Rasilimali ni makadirio ya madini yaliyomo ardhini, na ina ngazi tatu, kuanzia ya kukisia hadi iliyopimwa. Akiba ni ile sehemu ambayo uchambuzi wa gharama, ukiwemo upembuzi yakinifu, umeonyesha inaweza kuchimbwa kwa faida. Shimo moja halifiki hata ngazi ya kwanza.

Australia iliyaona haya mapema. Mwaka 1969 kampuni ndogo ya Poseidon ilitangaza nikeli huko Windarra, na hisa yake ikatoka chini ya dola moja ya Australia hadi dola 280 Februari 1970, mgodi ukiwa haujajengwa. Nikeli ilikuwapo kweli, ila mbale ilikuwa hafifu kuliko walivyodhani, na hatimaye kampuni ikaondolewa kwenye soko la hisa.

Siku hizi masoko makubwa hudai jina la mtaalamu anayewajibika kwa takwimu, maelezo ya maabara, mwelekeo wa shimo na unene halisi ukijulikana. Tangazo tulilolisoma hapo juu halina hata kimoja.