Benki kusimamiwa si sawa na benki kutofilisika
Pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, husikika mara nyingi kwamba benki yenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya haiwezi kuanguka, na hata ikianguka serikali italipa kila senti. Dhana hiyo si sahihi, nayo huhatarisha akiba za watu. Msimamizi hazuii hasara; huwalazimisha wenye benki kuweka mtaji wao ili hasara iwaguse wao kwanza, huitaka benki iwe na fedha taslimu au mali inayogeuzwa fedha haraka isiyopungua asilimia 20 ya amana, na hukataza mkopaji mmoja kupewa zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi wa benki, yaani fedha za wenye benki wenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, maana jahazi lililopakiwa upande mmoja halingoji dhoruba. Hata hivyo, Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Bima ya amana, iliyopandishwa mwaka 2020 kutoka shilingi 100,000, humlipa mwekaji hadi 500,000 katika kila benki. Mvuvi aliyeuza mashua kwa shilingi 800,000 akaziweka zote katika benki moja, ikifilisika, atazisubiri 300,000 zilizosalia hadi mali ya benki iuzwe, na huenda asizipate zote.