Miti ya Nyumba ya Shottery Haikutoka Melini

Mgeni akiingia katika nyumba kongwe ya shambani ya Kiingereza, akainua macho na kuona miti mizito iliyopinda, yenye matundu mengi na weusi uliokolea, haichukui muda kabla hajatamka kwamba miti hiyo ilitolewa kwenye meli zilizovunjwa. Nimelisikia neno hilo kwa wenye nyumba, kwa madalali na kwa waongoza watalii, na hivi karibuni nimelikuta tena, safari hii katika kijitabu cha mauzo ya nyumba ambayo nilikuwa nimekwisha kuikagua na kuiandikia ripoti. Kazi yangu ni kukagua viunzi vya mbao vya nyumba za kale, na subira yangu juu ya jambo hili imefika mwisho.

Nitatumia nyumba ambayo wengi wameiona walau kwa picha: nyumba ya Anne Hathaway huko Shottery, kando ya mji wa Stratford-upon-Avon. Picha zake huwafanya watu waidhanie kijumba cha maskini, ilhali ni nyumba ya shamba yenye vyumba 12, iliyojulikana kama Hewlands, na ukoo wa Hathaway waliokuwa wakifuga kondoo waliikalia kama wapangaji tangu mwaka 1543. Sehemu yake ya kale kabisa inahesabiwa kuwa ya miaka ya 1460. Kutoka kwenye ukoo huo Anne aliolewa na William Shakespeare mwaka 1582. Kaka yake Bartholomew aliinunua nyumba mwaka 1610 na kuipanua, na shirika la Shakespeare Birthplace Trust likaja kuinunua mwaka 1892.

Tuanze na jiografia, kwa kuwa peke yake ingetosha. Warwickshire iko katikati ya nchi, mbali na pwani zote. Nyumba hii ilipojengwa, mto Avon haukuwa ukipitika kwa mashua za mizigo hadi Stratford. Kazi ya kuufungua ilianza katika miaka ya 1630, takriban miaka 170 baadaye. Anayeamini habari ya meli inabidi aamini pia kwamba mkulima mpangaji aliagiza magogo ya mwaloni yenye uzito wa mamia ya kilo kutoka bandarini, akayasafirisha kwa mikokoteni ya ng'ombe katika njia za matope kwa siku kadhaa, ilhali upande wa kaskazini, bila hata kuvuka mto, ilikuwapo nchi ya Arden yenye mialoni tele. Mti ndio ulikuwa mzigo ghali kusafirisha kuliko kununua. Sioni kwa nini hoja hii haiwatoshi watu, lakini haiwatoshi, kwa hiyo naendelea.

Seremala wa Kiingereza wa zama hizo alichonga mwaloni ukiwa mbichi. Mti ulikatwa, mara nyingi wakati wa baridi, ukachongwa kwa shoka na kusimamishwa jengoni ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu mwaloni mbichi hukubali patasi na mwaloni uliokauka kwa miongo kadhaa huikataa. Baada ya nyumba kusimama, miti ilianza kukauka, kunywea na kujipinda ikiwa tayari imefungamanishwa. Ndiyo maana katika nyumba hizi utakuta nguzo iliyojisokota pamoja na kiungo chake, na mahali ambapo ulimi, yaani ncha iliyochongwa ya mti mmoja, unaingia kwenye tundu la mti mwingine utakuta mwanya ambao seremala hakuuacha. Uliachwa na maji yaliyotoka ndani ya mti. Mti uliokaa melini miaka arobaini ulikwisha kunywea na kujisokota zamani. Ungefungamanishwa upya, viungo vyake vingebaki vimebana hadi leo. Mwanya huo mwembamba, ambao mgeni hautazami hata mara moja, ni shahidi aliyeona mti ukiingia nyumbani ukiwa na utomvu wake.

Seremala alijua pia kwamba mti utanywea, akajiandaa. Tundu la kijiti cha kufungia alilitoboa kwenye ulimi likiwa limesogea kidogo, milimita chache tu, lisilingane na tundu la nguzo. Kijiti kikavu cha mwaloni kilipopigwa nyundo kililazimika kujipinda kupita matundu hayo mawili yasiyolingana, na kwa kufanya hivyo kikauvuta ulimi ndani na kuukaza. Ukibahatika kumulika tochi ndani ya kiungo kilichofunguka, utakiona kijiti hicho kimejikunja kiunoni, na bado kinavuta baada ya miaka mia tano.

Sasa nije kwenye kupinda, ambako ndiko kosa linakozaliwa. Nyumba ya Shottery imejengwa kwa kraki: jozi za miti mirefu iliyopinda, inayoanzia chini karibu na msingi wa mawe, ikapanda na kuinamiana hadi kukutana chini ya kilele cha paa. Ukipanda ghorofani utaikuta miti hiyo ikikatiza vyumba. Ni kweli kwamba jozi ya kraki inafanana na mataruma, yaani mbavu, za chombo kilichopinduliwa, na ufanano huo ndio ushahidi wote walio nao wasimulizi wa meli. Lakini wanaowajua mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, wanajua kwamba taruma halikunjwi. Fundi huingia msituni kutafuta mti ambao Mungu ameukuza kwa mpindo anaoutaka. Seremala wa nyumba na fundi wa meli wa Uingereza walitafuta mipindo msituni vivyo hivyo, kila mmoja kwa kazi yake, na kufanana kwa mahitaji hakumaanishi kwamba mmoja aliokota masalia ya mwingine.

Tazama jambo moja zaidi kwenye kraki. Mara nyingi miti miwili ya jozi ilitoka katika gogo moja lililopasuliwa kwa urefu, ndipo pande mbili za nyumba zikapinda sawasawa. Fundo lililoko kwenye mti wa kulia utalikuta kwenye mti wa kushoto, kwa kimo kilekile, likitazamana na pacha wake. Mti wa taruma, kwa upande wake, huchongwa kwa mshazari ili ubao wa nje ulale juu yake kufuata umbo la chombo, kwa hiyo uso wake wa nje hauwi bapa. Nimezikagua kraki nyingi na sijaona hata moja yenye mshazari huo.

Na hapa pana jambo ambalo wasimulizi wangelitafakari lingewaaibisha. Kraki zinazojulikana Uingereza ni zaidi ya 3,000, na zimeenea magharibi, katikati na kaskazini mwa nchi. Katika Norfolk, Suffolk, Essex na Kent, yaani kaunti za upande wa mashariki zenye bandari na viwanda vya kuundia meli, kraki halisi karibu hazipo kabisa. Kama zingekuwa mataruma ya mitumba, ramani ingekuwa kinyume chake. Ni kwa nini mpaka huo upo, wataalamu hawajakubaliana: wengine wanataja aina ya misitu, wengine desturi za watu waliohamia, wengine wanasema mashariki zilikuwapo zikabomolewa mapema kwa kuwa watu wa huko walitajirika kwanza. Mimi naelemea kwenye desturi za maseremala wenyewe, waliorithishana kazi kwa uanagenzi, ingawa nakiri kwamba sina cha kuweka mezani kinachomaliza ubishi.

Matundu sasa. Hoja ya matundu ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu anayesema «tazama matundu haya hayana kazi, mti huu umetoka mahali pengine» amesimama mbele ya historia nzima ya nyumba na kuipa kisogo. Tundu tupu katika nyumba ya kale huwa na maana, na maana yenyewe husomeka kwa umbo. Mstari wa vitundu vidogo vya mviringo chini ya boriti, na mfereji kwenye mti ulioko chini yake, ni mahali palipokuwa na ukuta wa fito zilizokandikwa udongo uliochanganywa na samadi na nyasi. Ukuta ulivunjwa, vitundu vikabaki. Vitundu vya pembe nne vilivyokaa kwa kona, vimepangana kwa nafasi sawa, ni dirisha la zamani kabla mkulima hajamudu kioo: humo vilisimama vijiti vya kuzuia mtu asiingie, na upepo ukizidi uliburutwa ubao wa kufungia, ambao mfereji wake wakati mwingine bado upo. Tundu refu lenye matobo mawili ya vijiti pembeni lilibeba mti uliokuja kuondolewa ili mlango upite.

Kuondoa huko kulikuwa na sababu. Nyumba ya mkulima ya karne ya 15 ilikuwa na sebule moja kubwa iliyo wazi toka sakafu hadi nyasi za paa, moto ukiwaka chini katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia juu. Katika karne ya 16 na mwanzoni mwa ile ya 17, wakulima waliofanikiwa walianza kujenga meko ya mawe au matofali yenye dohani, na moshi ulipokwisha kupata njia yake wakakata sebule katikati kwa ghorofa, wakapata vyumba juu. Shottery ilipita njia hiyohiyo. Hata dohani yake ina jiwe lenye herufi I.H. na mwaka 1697, la John Hathaway aliyeitengeneza. Kila mara nyumba ilipobadilishwa hivyo, boriti ziliingizwa, miti ya kukazia ilikatwa, madirisha yalihamishwa, na matundu yakaachwa. Anayesema matundu hayo ni ya meli anawanyang'anya watu hao kazi ya mikono yao, na hilo linaniudhi kwa dhati.

Meli nayo ina matundu yake, na hayafanani na haya. Mbao za meli zilishikwa kwa vijiti vinene na bolti za chuma zilizopenya unene wote wa mti, kwa mpango wa kurudiarudia. Chuma kikikutana na tanini, dutu kali iliyomo ndani ya mwaloni, huacha doa la buluu iliyoiva, lisilofutika. Katika nyumba za kraki huoni doa hilo isipokuwa pale mtu alipopigilia msumari wa kutundikia nyama.

Nitende haki. Ipo miti ya meli katika majengo ya Uingereza. Manowari ya Kimarekani Chesapeake ilitekwa mwaka 1813, ikaja kuvunjwa, na mwaka 1820 mbao zake zikajenga kinu cha kusagia nafaka cha Wickham, Hampshire, karibu na bandari ya Portsmouth. Kinu hicho kipo. Jengo la duka la Liberty la London, lililofunguliwa mwaka 1924 kwa mtindo wa kuiga nyumba za zama za Tudor, lilijengwa kwa mbao za manowari HMS Impregnable na HMS Hindustan, na nadhani limechangia sana kuukuza uvumi huu. Lakini kinu kiko jirani na bandari na duka lilijengwa na matajiri wenye reli na fedha, tena yote mawili yameandikwa. Ipo vilevile miti iliyotumika mara ya pili ikitoka katika nyumba au ghala lililobomolewa kijijini, na hiyo ni ya kawaida mno. Mara nyingine naikuta na siwezi kusema ilitoka jengo gani. Upimaji wa pete za mti, unaotumika kujua mwaka mti ulipokatwa, nao hautuokoi kila mara. Unahitaji walau pete 50 hivi, na wakulima walitumia miti michanga iliyokua haraka. Mwanahistoria wa misitu Oliver Rackham alihesabu kwamba nyumba moja ya shamba ya Suffolk ilikula takriban miti 330, mingi ikiwa midogo. Sampuli nyingi za nyumba kama hizo hurudi bila tarehe.

Umebaki weusi. Mwaloni ukiachwa huwa wa kijivu. Weusi wa nje kwa sehemu kubwa ni lami na rangi za karne ya 19, watu walipopenda nyumba zionekane nyeusi na nyeupe. Weusi wa ndani, juu kwenye kenchi, ni kitu kingine kabisa: ni masizi ya moto wa sakafuni kabla ya dohani. Paa la nyasi huthibitisha hilo vizuri kuliko mti. Mwezekaji wa jadi hakubandua nyasi zote. Alipasua tabaka lililochoka na kuezeka majani mapya ya ngano juu ya yale ya zamani, kwa mwinamo wa nyuzi 50 hivi ili maji yateleze kabla hayajazama. Hivyo katika baadhi ya nyumba, hasa Devon, tabaka la chini kabisa bado ni lile la kwanza, jeusi kwa masizi, na ndani yake mmehifadhiwa masuke ya ngano na magugu ya shamba la enzi za kati. Shottery ilipata moto mwaka 1969 ulioharibu sehemu ya nyumba na kulazimisha matengenezo makubwa, kwa hiyo nyasi unazozipiga picha leo ni changa kuliko wageni wengi wanavyodhani.

Sababu ya kuandika haya kwa ukali ni kwamba uvumi huu una gharama. Mwenye nyumba akishaamini kwamba weusi wa boriti ni lami ya melini, huita watu waje kuupuliza kwa mchanga ili mti ung'ae. Mchanga huondoa masizi, yaani ushahidi kwamba hapo palikuwa na sebule ya wazi. Huondoa alama ambazo seremala alizikwangua kwenye viungo ili kila ulimi ujue tundu lake, namba za Kirumi ambamo nne huandikwa IIII. Huondoa pia tabaka jeupe la nje lililokuwa chini ya gome, ambalo bila hilo mpimaji wa pete hawezi kutaja mwaka mti ulipokatwa. Kama unayo nyumba ya namna hii na boriti zake ni nyeusi, zifute vumbi kwa brashi laini na umwite mkaguzi kabla ya fundi wa kupuliza mchanga.