Picha ya kutisha haitengenezwi na kopo la rangi nyeusi

Kila muhula lazima nipate mwanafunzi anayetaka kuchora "kitu cha kutisha", na naletewa yale yale: fuvu, pembe, macho mekundu, damu inachuruzika, halafu kopo zima la nyeusi limeishia kwenye bekigraundi. Nafundisha uchoraji hapa Iringa na hayo mambo nimeyachoka kiukweli. Picha inakuwa kama bango la kibanda umiza, unaicheki sekunde mbili umemaliza.

Chukua hadithi moja tu, ya Kronos wa Wagiriki, Warumi wakamwita Saturn, aliyetabiriwa kwamba mwanae atampindua, basi akawa anawameza watoto kila wanapozaliwa. Mchoraji Rubens aliichora 1636: mzee kashika mundu wake mrefu, juu kuna nyota tatu za kukuonyesha huyu ni nani, kichanga kinalia huku meno yamekamata kifua. Inatisha ndiyo, ila umeshaelezwa kila kitu, unajua uko kwenye hadithi.

Goya, mchoraji wa Hispania, akaja kuichora kati ya 1819 na 1823, tena ukutani nyumbani kwake nje ya Madrid, rangi ya mafuta juu ya plasta, mzee kiziwi wa miaka mingi, hakuna aliyemwagiza na wala hakuipa jina, jina wamepachika watu baadaye. Mundu katoa, nyota katoa. Na anayeliwa siyo kichanga tena, ukiangalia mapaja na mgongo ni mwili wa mtu mzima, kichwa hakipo. Vijana wote wanakimbilia damu, mimi nawaambia angalieni macho ya mlaji kwanza: yamemtoka, anaonekana kaogopa yeye kuliko sisi, kama mtu aliyefumaniwa. Halafu cheki vidole vilivyozama kwenye nyama ya mgongo, na huo mgongo ndio umepigwa mwanga, yaani giza lote lile linakusukuma uangalie pale pale usipotaka. (Iliyopo leo kwenye makumbusho ya Prado, Madrid, ilibanduliwa ukutani ikahamishiwa kwenye turubai miaka ya 1870, na iliumia, kwa hiyo usiape kwa kila mpigo wa brashi.)

Sasa njoo kwetu. Mashetani ya Kimakonde, ule mtindo wa vinyago ambao Samaki Likankoa anatajwa kuwa mwanzilishi wake Dar miaka ya 1950, George Lilanga aliyekuwa mchongaji akayapeleka kwenye rangi: njano, bluu, pinki, masikio makubwa, matumbo mbele, yanacheka, yanacheza, yanabebana. Giza hata chembe hakuna! Na bado darasani hakosekani wa kusema mwalimu hiyo siwezi kuitundika sebuleni. Mafuvu yake mwenyewe kayabandika geto wala hayamsumbui. Kwangu mimi sababu ni kwamba yale mashetani yanaishi maisha yetu yetu, hayapo kuzimu, yapo uani.

Juzi kijana kaleta Gangilonga, jiwe letu linaloongea, usiku, kaliwekea mdomo na meno. Nikamwambia rudisha muda kwenye picha uwe saa kumi na mbili jioni, jiwe bado lina mwanga wa jua, mji chini umeanza kuwasha taa, na kivuli chini ya jiwe usikijaze nyeusi ya kopo, changanya kahawia na bluu ili mtu akisogea aone kina asione ukuta. Mdomo futa, weka mtu mmoja kasimama kaegesha sikio kwenye jiwe. Yote kakubali isipokuwa meno, tumebishana weee, mwisho nikamwambia haya bakiza, ila yasiwe meupe.