Old Trafford haiko Jiji la Manchester

Shabiki wa Manchester United asikasirike. Anwani ya posta ya uwanja imeandikwa Manchester, na hapo ndipo dhana potofu inapoanzia, lakini Old Trafford iko manispaa ya jirani, Trafford. Ina halmashauri yake, na ukumbi wa mji uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanjani. Aliyemo jijini ni Manchester City. Utani huo nawaachia wenyewe.

Wengine hudhani Trafford ni mji wa kale. Kilicho cha kale ni vipande vyake: soko la Altrincham lina hati ya mwaka 1290. Manispaa yenyewe ilianza tarehe 1 Aprili 1974, Altrincham, Sale, Stretford, Urmston na maeneo mengine yalipounganishwa. Mto Mersey unaokatiza hapo ulikuwa mpaka wa kaunti za Lancashire na Cheshire, na kusini ya mto wapo ambao mpaka leo ukiwauliza kwao wapi watakwambia Cheshire.

Dhana inayowachanganya wengi zaidi ni ya meya. Meya wa Trafford huvaa mkufu, huongoza vikao vya baraza na kukata utepe. Ni cheo cha heshima cha mwaka mmoja. Mwenye madaraka ni kiongozi wa halmashauri, anayechaguliwa na madiwani wenzake. Madiwani ni 63, watatu kwa kila kata.

Yupo meya mwingine, na huyu ana nguvu kweli: wa Greater Manchester, eneo pana lenye manispaa 10, Trafford ikiwemo, anayepigiwa kura na wakazi wa manispaa zote hizo tangu 2017. Mabasi, polisi na zimamoto viko kwake. Shule, maktaba na huduma kwa wazee ni za Trafford. Taka zimegawanywa: Trafford inazoa mapipa, Greater Manchester inajua pa kuzipeleka.

La mwisho linawahusu ndugu zetu walioko huko: eti kura za madiwani ni za Waingereza tu. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, akiwa na miaka 18, hujiandikisha na kupiga kura kwa pasipoti yake ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda. Mrundi na Mkongo hawamo, maana nchi zao si wanachama.