Afisa afya akija kufunga kibanda, Katiba inasemaje?

Kipindupindu kikitajwa huku Mbeya, mama lishe wa Mwanjelwa na wa Kyela huniuliza swali moja: "Wakili, wamekuja kunifungia kibanda. Wana haki hiyo?" Wanaweza kuwa nayo, lakini haitokani na ugonjwa wenyewe. Inatokana na sheria, na sheria hiyo nayo ina mipaka yake kwenye Katiba.

Wengi huamini kwamba ukitokea mlipuko, nchi imeshaingia hali ya hatari na haki zimewekwa kando. Sivyo. Hali ya hatari hutangazwa na Rais chini ya Ibara ya 32. Nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, Bunge huitwa ndani ya siku 14, na tangazo haliendelei bila kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Korona ilipoingia mwaka 2020 shule zilifungwa, lakini tangazo la namna hiyo halikutolewa. Kwa hiyo Katiba ya siku za kawaida iliendelea kutumika yote.

Kinachotumika zaidi ni Ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kupunguza haki kwa ajili ya mambo kadhaa, afya ya jamii ikiwamo. Ndiyo maana Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inaweza kumbana mtu. Ila Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la 1993, iliweka masharti mawili ninayoyathamini sana: sheria inayobana haki isitoe mwanya wa uonevu, na isibane kupita kiasi kinachohitajika.

Tuyashushe kibandani. Tuseme afisa afya amekuta maji ya kunawa hayapo, sahani zinasuuzwa kwenye beseni moja tangu asubuhi. Akifunga hadi vitu hivyo virekebishwe, na akaandika kifungu anachokitumia, mimi nitamtetea yeye. Lakini vikifungwa vibanda vyote, cha mwenye maji na cha asiye nayo, kwa agizo la mdomo lisilo na mwisho, hapo pana hoja ya kwenda mahakamani. Mama, omba karatasi. Uliza ni kifungu gani na ni hadi lini.

Majirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe walilipima jambo hili mapema. Aprili 2020 serikali ya Malawi ilitangaza kufunga nchi kwa siku 21, Mahakama Kuu yao ikazuia kabla hata agizo halijaanza. Hoja mojawapo iliyoibuliwa ni maskini anayekula kwa alichouza siku hiyo: atakula nini? Ukisimama mpakani Kasumulu ukatazama wachuuzi wanaovuka na ndizi na mchele, swali hilo ni letu pia.

Lililoniuma ni mlango wa mahakama yetu. Mabadiliko ya 2020 kwenye Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, inayoongoza kesi za haki za kikatiba, yalimtaka mleta shauri aonyeshe, kwa kiapo, jinsi alivyoathirika yeye binafsi, hadi Mahakama ya Rufani ilipolibatilisha sharti hilo mwaka 2025. Kwa miaka hiyo chama cha kutetea haki hakikuweza kumbebea mama lishe mzigo huo kirahisi. Ilimlazimu aje mwenyewe Mahakama Kuu, wakati kibanda kimefungwa na nauli hana. Naona sharti hilo lilikuwa zito mno, hasa nyakati za mlipuko, na Bunge lisilirudishe.