Je, wajua? Kwa nini sinema za mitaani za Marekani za miaka ya 70 zina chengachenga?

Tazama The French Connection ya mwaka 1971. Chenga, yaani vipunje vidogo vidogo vya picha, zinacheza ukutani, kwenye anga ya kijivu ya New York, hata kwenye nyuso za watu. Wengi husema mkanda umezeeka, au kamera za enzi hizo zilikuwa duni. Sivyo. The Sound of Music ilitoka 1965, miaka sita kabla, na picha yake imetakata, kwa kuwa ilipigwa kwenye negativu (mkanda unaopita ndani ya kamera) pana ya milimita 65 penye mwanga wa kutosha. Uzee nao una dalili yake: kopi nyingi za rangi za miaka ya 70 zilipoteza kwanza rangi ya samawati-kijani, zikageuka waridi. Picha ikiwa nyekundunyekundu, hapo laumu umri. Chenga zilikuwapo tangu usiku wa kwanza ukumbini, na walioziruhusu walijua walichokuwa wakifanya.

Waongozaji walikuwa wameacha studio na kuingia vichochoroni na kwenye treni, ambako taa kubwa hazipenyi. Mkanda wa kawaida, Eastman 5254, ulikuwa na kasi ya ASA 100 tu (ASA ni kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga). Mpiga picha wa The French Connection, Owen Roizman, aliutumia kana kwamba ni ASA 200, yaani kwa nusu ya mwanga uliohitajika, kisha maabara ikausafisha kwa muda mrefu zaidi kwenye dawa. Mafundi huita hilo kusukuma mkanda.

Mkanda umejaa fuwele za chumvi ya fedha, kubwa kwa ndogo. Panga uani masinia na vikombe vya kahawa, usubiri mvua. Ikinyesha kweli, kila chombo kinapata maji. Yakiwa manyunyu, masinia yanalowa na vikombe vingi vinabaki vikavu. Mwanga hafifu ndiyo manyunyu hayo: zinazoguswa hasa ni fuwele kubwa, na picha inajengwa kwa masinia yenye mianya katikati. Dawa ya muda mrefu huziamsha hata zile zilizopata tone moja au mawili, na kila alama inavimba. Kwenye mkanda wa rangi, fedha yenyewe huondolewa baadaye. Jicho linaona vijiwingu vya rangi vilivyobaki mahali pake.

Ila dawa haileti mvua. Kivuli kisichopata mwanga hakipati chochote ila ukungu, ndiyo maana weusi hugeuka kijivu. Tabaka tatu za rangi nazo hazisukumwi sawasawa, hivyo vivuli huweza kupata rangi ngeni. Tena rola husafishwa nzima: futi 400, kama dakika nne na nusu za picha, haiwezi kusukumwa nusu. Kopo lisipoandikwa maelekezo, maabara italisafisha kikawaida na picha itatoka hafifu, yenye giza.

Mpiga picha mwingine, Vilmos Zsigmond, kwenye filamu ya McCabe & Mrs. Miller ya 1971, aliongeza ujanja mwingine: negativu ilimulikwa kidogo kwa mwanga sawa kote, ili kila chombo kiwe na tone la kuanzia. Vivuli vikalainika. Ukizidisha, picha inapauka moja kwa moja, kwa sababu negativu ni hiyo hiyo moja.

Tahadhari: kwa macho tu huwezi kujua chenga zote zimetoka kwenye kusukuma. Kila kopi ya kopi huongeza zake, na matoleo mapya mengine yamesuguliwa na kompyuta mpaka nyuso zikawa kama nta.